Umepeleka bahasha dukani na simu haiiti: tafuta ilipokwama

Kazi yangu ni usimamizi wa duka la vyombo vya nyumbani hapa Tabora mjini, karibu na Soko Kuu. Bahasha za kuomba kazi zinapita mikononi mwangu kabla hazijamfikia tajiri. Miaka ya nyuma nilikuwa upande wa pili wa kaunta. Nilizungusha bahasha kumi na mbili, kuanzia Kanyenye hadi Kiloleni, kisha nikakaa nyumbani kwa shangazi, Isevya, simu haibanduki mkononi. Hata nikienda kuoga niliiweka juu ya mfuniko wa ndoo ili nisikie ikiita. Kimya hicho nakijua kwa pande zote mbili, ndiyo maana naandika.

Jambo la kwanza nataka ulishike. Simu isipoita, mara nyingi hakuna mtu aliyekukataa, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa akaamua. Bahasha imekwama mahali. Ikitoka kwako inakwenda kwa kijana wa kaunta, kwa msimamizi, kwa tajiri au makao makuu, inarudi kwa msimamizi, anapigiwa mdhamini wako, ndipo unapigiwa wewe. Kila kituo kina namna yake ya kukwamisha, na ukiangalia vizuri dalili zinakuonyesha ni kituo gani.

## Wiki moja au mbili, kimya kabisa

Jiulize: nani aliipokea bahasha yako? Kama jibu ni "kuna kaka mmoja hivi alikuwa kaunta", anzia hapo hapo.

Droo ya chini ya kaunta yetu ilikuwa na kila kitu: daftari la madeni, rola za karatasi za mashine ya EFD, betri za mizani, kalamu zilizokauka, funguo ambazo hakuna aliyejua ni za kufuli gani, na bahasha. Siku moja mwezi wa Juni niliimwaga yote mezani niisafishe. Chini kabisa palikuwa na bahasha ya kaki yenye alama ya duara ya kikombe cha chai, haijafunguliwa. Juu yake pameandikwa kwa mwandiko mzuri mno: "Kwa Meneja". Barua ya ndani ilikuwa ya Februari. Yule dada alimaliza kidato cha nne, akawa muuzaji katika duka la mjomba wake Urambo kwa miaka miwili, na mwezi wa Machi sisi tulikuwa tunamtafuta mtu wa namna hiyo hasa. Nilimpigia. Alikuwa ameshahamia Nzega. Akaniambia, "Mimi nilijua mmenikataa, dada." Nilimwomba radhi, sikuwa na lingine la kusema. Tangu siku ile bahasha zinaingia kwenye faili, na anayepokea anaandika jina lake na tarehe juu ya bahasha. Lakini hilo ni duka letu. Maduka mengi bado yana ile droo.

Kwa hiyo rudi mwenyewe, kwa miguu yako, ukaulizie. Muda wa kwenda una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saa mbili hadi saa nne asubuhi chenji inahesabiwa, mzigo unashushwa, na msimamizi yuko stoo na karatasi mkononi. Jioni kuanzia saa kumi na moja wateja wanarudi. Kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 5 ni siku za mishahara, hakuna anayekuwa na nafasi ya kukusikiliza. Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa ajili ya swala. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nane mpaka saa kumi, jua la Tabora likiwa limewaweka watu kivulini na dukani kumebaki mteja mmoja anayeuliza bei ya sufuria.

Na ukifika, namna ya kuuliza ni hii:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, nilileta barua ya kuomba kazi ya uuzaji tarehe 4, ikapokelewa na kaka aliyekuwa hapa kaunta. Nimekuja kuulizia kama ilimfikia msimamizi."

Usiulize "mmefikia wapi?" wala "mmeamua nini?" Hayo ni maswali ambayo mtu wa kaunta hana jibu lake, na mtu asiye na jibu atakwambia subiri. "Ilimfikia?" ni swali analoweza kulijibu yeye mwenyewe, tena litamfanya afungue droo. Nimewaona vijana wa kaunta wakiitoa bahasha chini ya daftari la madeni, wakaona haya, wakaipeleka ofisini mbele ya macho ya mwombaji.

## Bahasha imefika, lakini "bosi hayupo"

Hili wengi wanalichukulia kama kisingizio. Kwa maduka ya hapa mara nyingi ni kweli tupu. Tajiri wa duka la Tabora ananunua mzigo mwenyewe Kariakoo. Anapanda basi usiku, au anakwenda hadi Dodoma kisha anachukua treni ya SGR inayofanya safari za Dar es Salaam tangu 2024, anazunguka na orodha yake, anasubiri mzigo upakiwe, na pengine anakaa wiki nzima au mbili. Akiwa huko anaweza kuidhinisha bei ya beseni kwa simu, lakini mtu atakayeshika fedha yake anataka amwone uso kwa uso. Barua yako inabaki inamsubiri arudi, na hakuna ubaya wowote juu yako.

Ukiambiwa hayupo, uliza anategemewa lini. Ukiambiwa "mwisho wa wiki", nenda Jumanne inayofuata. Usiende Jumatatu, maana siku hiyo anahesabu mzigo na kugombana na waliovunja sahani njiani.

Angalia na kalenda. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba wafanyabiashara wengi wanalipa awamu za kodi ya makadirio, na wiki hizo akili ya tajiri yote iko TRA. Mwisho wa mwaka kuna kuhesabu mali ya duka zima, bidhaa moja moja, watu wanalala saa sita usiku. Halafu huku kwetu kuna tumbaku. Miezi ya mvua wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wako shambani na fedha mkononi ni kidogo, hivyo duka linaweza kuweka tangazo la kazi na bado likasita kuajiri. Kiangazi masoko ya tumbaku yakifunguka na malipo yakaanza kuingia, watu wanakuja mjini kununua magodoro, baiskeli, mabati na vyombo, ndipo tajiri anaona kweli anahitaji mtu wa nne kaunta. Bahasha iliyopelekwa Februari inaweza kuamka mwezi wa sita. Kwa hiyo ukibadilisha namba ya simu katikati, rudi ukawaambie.

Kama duka ni tawi la kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam au Mwanza, meneja wa hapa kwa kawaida anapeleka majina tu. Muulize wazi na kwa upole: "Samahani, uamuzi unafanyika hapa au makao makuu?" Ukijua ni makao makuu, acha kumfuata meneja kila wiki, maana unamchosha mtu ambaye hana kalamu ya kusaini. Maombi ya namna hiyo mengi yanapita kwa barua pepe, basi fungua pia folda ya barua taka kila siku mbili. Na hakikisha picha za vyeti ulizotuma zinasomeka. Nimewahi kuonyeshwa cheti kilichopigwa picha usiku kwa taa ya kibatari, herufi hazionekani hata ukikivuta.

## "Tutakupigia"

Neno hili tunaambiwa wote. Sisi watu wa huku hatupendi kumwambia mtu hapana machoni, hivyo "tutakupigia" linaweza kubeba ndiyo, hapana, na sijui. Usilipime neno lenyewe. Pima yaliyotangulia.

Je, alifungua bahasha mbele yako? Alikuuliza unakaa wapi? Swali hilo lina uzito: duka likifungwa saa mbili usiku, msimamizi anawaza utarudi vipi Ipuli au Cheyo, na nani atakuwa amefika asubuhi kufungua. Aliuliza unaweza kuanza lini, au mdhamini wako anafanya kazi gani? Kama alikuuliza mawili kati ya hayo, jina lako liko kwenye orodha fupi na kimya chake kina sababu nyingine. Kama aliiweka bahasha pembeni huku anaendelea kumhudumia mteja, usijilaumu, bado hujaangaliwa.

Njia ya kulifanya neno hilo liwe na tarehe ni kuitaja wewe. "Ahsante mama. Nikipita Jumatano ijayo kuulizia sitakuwa nimekusumbua?" Karibu kila mtu atasema "pita tu". Sasa una ruhusa, na ukija hiyo Jumatano unakuja kwa makubaliano.

## Walipiga, hukupatikana

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona kazi nyingi zikipotea, na waliozipoteza hawatajua kamwe.

Kwangu inakuwa hivi. Tajiri amerudi, ameniambia leta watatu nije niwaone kesho. Nina majina manane mezani. Napiga la kwanza. Likipokelewa, vema. Lisipopokelewa, naweka alama ya penseli na kwenda la pili. Jioni nikipata nafasi narudia zile alama. Nikikosa tena, basi, tajiri anataka watatu na watatu ninao.

Angalia nakala ya wasifu wako sasa hivi, namba kwa namba. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi ukianza na sifuri. Nimepokea zenye tisa. Nimepokea moja iliyoandikwa kwa mkono ambayo sikuweza kujua kama ni 1 au 7, nikajaribu zote mbili, moja ikapokelewa na mzee wa Igunga aliyekuwa anachunga ng'ombe, nyingine haipo. Kama mchapaji wa steshenari alitumia wasifu wa mtu mwingine kama kielelezo, inawezekana kabisa namba ya yule mtu imebaki juu ya jina lako. Hilo nimeliona mara mbili. Soma karatasi yote kabla hujalipia.

Halafu kuna namba iliyoandikwa sawasawa lakini simu si yako. Kijana mmoja aliandika namba ya mama yake. Mama yuko shambani Sikonge, na mtandao unapatikana akisimama chini ya mwembe mmoja nyuma ya nyumba, jioni. Mimi nilipiga saa tano asubuhi. Kama huna budi kuandika simu ya mtu mwingine, andika pembeni: "simu ya mama, apigiwe baada ya saa kumi na mbili jioni". Mstari huo mmoja ungeniokoa mimi na ungemwokoa yeye. Andika namba mbili ukiweza, ya pili ya mtu unayelala naye nyumba moja.

Laini nayo inaweza kuwa na matatizo bila wewe kujua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama laini uliyoandika kwenye barua imesajiliwa kwa jina la kaka aliyehamia mji mwingine, siku ikifungwa hutaweza kuirudisha mwenyewe. Na laini unayoiweka pembeni miezi na miezi, mtandao unaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo.

La mwisho ni namba ngeni. Naelewa kwa nini watu hawazipokei. Matapeli wengi, na wadai wa mikopo ya mitandaoni wanapiga mpaka usiku. Lakini katika wiki zile unazosubiri kazi, pokea. Sema "Haloo, shikamoo" kwa sauti ya kawaida, tulia usikilize. Wapo wanaopokea kwa ukali, "Nani wewe? Namba yangu umeipata wapi?" Mimi nasikia sauti hiyo na mara moja namwona akimjibu mteja wangu vile vile. Ukikuta simu iliyokosa kupokelewa, ipigie siku hiyo hiyo, hata kwa vocha ya kukopa.

## Wadhamini wako wamekwamisha

Lugha yenyewe inatutega hapa. Neno "mdhamini" kwenye barua ya kazi ni mtu wa kusema anakufahamu na tabia yako ni njema. Neno hilo hilo kwenye mkopo ni mtu atakayelipa ukitoroka. Sasa fikiria mjomba wako yuko kwenye kiti cha kinyozi, anapigiwa na mwanamke asiyemjua: "Wewe ndiye mdhamini wa fulani?" Mjomba anaruka. "Hapana! Mimi simdhamini mtu. Mwenyewe mtafuteni." Akakata. Hili limenitokea kwa namna mbalimbali mara nyingi hata sasa naanza kwa kusema, "Usiogope mzee, si mkopo, ni habari njema ya kazi."

Simlaumu mjomba. Programu za mikopo zilikuwa zinawapigia watu wote walio kwenye simu ya mkopaji, wengine wakitukanwa kwa deni wasilolijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, lakini hofu waliyoiacha bado iko masikioni mwa watu.

Kwa hiyo kabla bahasha haijaondoka mkononi mwako, mpigie kila uliyemwandika. Mwambie jina la duka, mwambie anaweza kupigiwa na mwanamke au mwanamume wa Tabora, mwambie ataulizwa amekufahamu miaka mingapi na kama umewahi kushika fedha ya mtu. Kisha rudia baada ya wiki, maana watu wanasahau.

Elewa pia kwamba maduka mengi yanataka mdhamini wa aina ya pili hasa: mtu mwenye nyumba au kazi ya kudumu, atakayesaini kwamba fedha ikipotea yupo. Uliza mapema ni yupi kati ya hao wawili wanayemtaka. Ukimpeleka mwalimu wako wa sekondari asaini karatasi ya kulipa hasara bila kumweleza, utampoteza mwalimu na kazi pia.

## Karatasi pungufu

Hili halina mengi. Bahasha isiyo na nakala ya cheti, namba ya NIDA yenye tarakimu zake 20, au barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa, huwekwa pembeni "mpaka atakapoleta", na hakuna anayempigia kumwambia alete. Ukienda kuulizia, uliza pia: "Kuna karatasi yoyote imepungua?" Na cheti halisi usikiache dukani hata kwa saa moja. Nakala inatosha. Anayetaka kukuona na cheti chako atakiona siku ya usaili, mkononi mwako.

## Tangazo bado liko mlangoni

Linaweza kuwa limebaki tu. Nafasi ilijazwa wiki iliyopita na mpwa wa tajiri aliyetoka Kasulu, na hakuna aliyekumbuka kubandua karatasi. Linauma, na sina namna ya kulifanya lisiume. Duka la mtu ni la familia yake kwanza. Lakini ndugu wa namna hiyo wengi hawadumu, wanachoka kusimama saa tisa kwa siku na kuamrishwa na mjomba. Mwachie msimamizi maneno haya: "Kama nafasi itatokea tena, naomba barua yangu ibaki." Mimi nimewaita watatu kwa njia hiyo, na mmoja wao ndiye keshia wangu leo.

## Meseji imekuja, lakini inataka hela

"Hongera, umechaguliwa kazi ya uuzaji. Tuma shilingi 30,000 za sare na fomu kwenye namba hii, uripoti Jumatatu." Usitume. Matapeli wanayapata majina yenu kwenye makundi ya WhatsApp mnakobandika wasifu wenu mzima na namba, au wanatuma kwa kubahatisha kwa sababu wanajua mji umejaa vijana wanaosubiri simu. Duka linalokutaka litakuita uje dukani. Kama tajiri anakata gharama ya sare, anaikata kwenye mshahara baada ya kukubaliana nawe, na hakuna duka ninalolijua hapa linalotaka fedha kabla hujaonekana uso.

Kipimo chepesi: nenda dukani kwenyewe na meseji yako. Kama hakuna duka la kwenda, umeshapata jibu. Ujumbe wenyewe uripoti kwa kuutuma kwenda 15040, kisha fuata maelekezo yatakayorudi ya kuandika namba ya tapeli. Na kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo kabla hajaitoa. Usione haya. Aliyekusubirisha miezi mitatu bila jibu ndiye aliyekufanya uiamini meseji ile.

## Ulijaribiwa siku kadhaa, halafu kimya

Hapa nina jeraha langu. Duka moja la nguo mjini hapa, sitalitaja, liliniita "tukuangalie kidogo". Nilikwenda siku tano. Nilifika saa moja na nusu, nikafagia, nikakunja madera, nikapanda ngazi ya stoo na mabunda begani, nikauza. Siku ya tano jioni nikaambiwa nenda nyumbani, tutakupigia. Wiki iliyofuata nilipita nikamkuta msichana mwingine anaangaliwa. Baada yake akaja mwingine. Sikulipwa hata nauli.

Ukijaribiwa, kubaliana mambo mawili kabla hujashika ufagio: majaribio ni ya siku ngapi, na siku hizo zinalipwaje. Saa mbili za kuonyesha unavyomhudumia mteja ni sehemu ya usaili. Siku tano za kuuza ni kazi, na kazi ina malipo yake. Andika kwenye daftari tarehe na saa ulizoingia na kutoka, na majina ya waliokuona. Ukinyimwa, anza kwa Afisa Kazi wa mkoa, au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, ambayo ina ofisi hapa Tabora. Madai ya malipo yanatakiwa yafikishwe ndani ya siku 60. Mimi sikulijua hilo wakati ule, na siku sitini zilipita nikiwa bado naisubiri simu yao.

Kuna na maswali yanayoulizwa halafu kimya kikafuata. Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni? Kabila gani wewe, Mnyamwezi au Muha? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi. Katika chumba cha usaili si rahisi kumsomea mtu sheria. Jibu ninalowafundisha wadogo zangu ni: "Mama, saa za kazi nitazitimiza zote." Kisha nyamaza. Akishikilia swali lake, umejua duka hilo likoje kabla hujalitumikia.

## Daftari

Ukisubiri maduka zaidi ya matatu, kumbukumbu itakuangusha. Nunua daftari la kurasa 40. Kila duka ukurasa wake: tarehe uliyopeleka, jina la aliyepokea, alichosema kwa maneno yake, siku ya kurudi. Nilipokuwa na bahasha kumi na mbili mji mzima nilikwenda duka moja mara tatu kwa wiki na jingine sikurudi kabisa, kwa kuwa nilikuwa nakwenda pale waliponichekea. Duka lililokuja kuniajiri ni lile ambalo nilikuwa nimelisahau. Walinipata kwa bahati, kwa simu ya shangazi.

Kiasi cha kurudi: mara ya kwanza baada ya siku saba, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu mwezi ukitimia. Ukitoka ya tatu bila tarehe wala jibu, waache. Omba nakala zako kwa heshima kama unazihitaji, zitafaa kwenye bahasha nyingine, maana kutoa kopi na kuthibitisha kwa wakili ni fedha.

## Simu imeita

Kaa kimya usikilize mpaka mwisho, hata moyo ukikudunda. Kisha uliza matatu: ni duka gani na liko upande gani, nimuulizie nani nikifika, nije na nini. Rudia kwa sauti: "Kesho, saa tatu asubuhi, duka la vyombo karibu na Soko Kuu, nimuulizie mama msimamizi, nije na vyeti halisi." Ukirudia hivyo, naandika jina lako tena chini, safari hii kwa kalamu ya wino. Mpigie mdhamini wako usiku huo huo, umwambie awe na simu karibu.